Punje Mbili za Mahindi: Mbegu ya Lishe Inavyotafutwa, na Inavyoweza Kupotea

Neno posho, ambalo nchini Uganda ni jina la chakula kinachosongwa kwa unga wa mahindi, halikuzaliwa likiwa jina la chakula. Katika Kiswahili cha pwani posho ni kipimo cha siku, chakula chenyewe au fedha ya kukinunulia, ambacho mpagazi, askari au kibarua hupewa na mkuu wake. Kipimo hicho kilipokuwa unga wa mahindi siku baada ya siku, katika kambi za askari, katika magereza na katika shule za bweni, jina la kipimo lilihamia ndani ya sufuria, nalo limekaa humo hadi leo. Ndugu zetu wa Kenya na Tanzania husema ugali. Sisi twasema posho, na ndani ya neno hilo imo historia ya watu waliolishwa mahindi kwa amri.

Hatusemi haya kwa kuyadharau mahindi. Askari anayeshika lindo usiku kucha, na polisi anayesimama njiapanda tangu alfajiri, wahitaji chakula kizito, kisichooza upesi, kinachobebeka katika gunia na kupikika katika sufuria moja kwa watu mia. Mahindi huitimiza kazi hiyo vizuri kuliko ndizi, na kwa bei nafuu kuliko mchele. Lakini liko swali ambalo mlaji hajiulizi mara nyingi: je, punje mbili za mahindi, zilizo sawa kwa rangi, kwa uzito na kwa umbo, ni chakula kimoja? Wataalamu wa mbegu, baada ya kazi ya zaidi ya miaka mia moja, wamethibitisha kwamba huenda zisiwe. Namna walivyoligundua jambo hilo, na namna faida yake inavyoweza kupotea kwa upepo wa msimu mmoja tu, ndiyo habari tunayotaka kuwaeleza wasomaji wetu leo.

KILICHOPUNGUA NDANI YA PUNJE

Mahindi makavu ya kawaida yana protini kiasi cha asilimia 9 au 10 ya uzito wake. Kwa hesabu hiyo mtu anayekula posho nyingi angedhaniwa kuwa ameshiba protini. Kasoro haimo katika wingi wake bali katika namna ilivyojengwa. Protini zote hujengwa kwa vipande vidogo viitwavyo asidi za amino, na baadhi ya vipande hivyo mwili wa binadamu hauwezi kujitengenezea. Ni lazima viingie kwa mdomo. Zaidi ya nusu ya protini iliyo katika sehemu nyeupe ya punje ya mahindi ni ya aina iitwayo zeini, na zeini karibu haina kabisa vipande viwili vya lazima, yaani laisini na triptofani.

Mfano wake ni kikosi chenye magari kumi na madereva wanne. Mkuu aweza kuandika katika taarifa yake kwamba anayo magari kumi, na taarifa hiyo itakuwa ya kweli, lakini siku ya safari yataondoka magari manne. Mwili nao hujenga nyama na damu kwa kadiri ya kipande kilicho haba, na katika mahindi kipande hicho ni laisini. Vipande vingine vinavyosalia huteketezwa kama kuni.

Madhara yake yameonekana mahali pengi ambapo watu walilazimika kula mahindi karibu peke yake. Mwaka 1933 daktari Cicely Williams, aliyekuwa akifanya kazi katika Gold Coast, nchi ambayo sasa ni Ghana, aliandika habari za ugonjwa wa watoto walioachishwa ziwa na kulishwa uji wa mahindi: miili iliyovimba, ngozi iliyobambuka, nywele zilizopauka. Miaka miwili baadaye aliuita kwa jina la Kiga, kwashiorkor, jina ambalo sasa lajulikana katika kila zahanati ya Afrika. Upungufu wa triptofani nao una ugonjwa wake. Mwili hutengeneza vitamini iitwayo niasini kutokana na triptofani. Vikikosekana vyote viwili huja pelagra, ambayo hubabua ngozi ya shingo na mikono panapopigwa na jua, huharisha, na mwishowe huvuruga akili. Katika jimbo la Mississippi nchini Marekani, mwaka 1915, daktari Joseph Goldberger aliwalisha wafungwa waliojitolea, kwa ahadi ya msamaha, chakula kilichotegemea zaidi unga wa mahindi; baada ya miezi michache baadhi yao waliugua. Hata hivyo wapo waliobisha kwa miaka mingi kwamba chakula chaweza kuwa chanzo cha ugonjwa huo.

Asidhani mtu kwamba hizo ni habari za kale. Mwaka 1990 wakimbizi wa vita vya Msumbiji waliokuwa katika kambi za Malawi waliendelea kupokea mahindi yao, lakini karanga, zilizokuwa zikiwapa niasini, zilikatika kwa miezi kadhaa. Watu zaidi ya 18,000 walipatwa na pelagra mwaka huo. Gunia la mahindi lilifika. Kijalizo chake hakikufika.

MASUKE 163 YA ILLINOIS

Tofauti za kurithi ndizo mali ya mtaalamu wa mbegu. Kama mimea yote ya shamba ingekuwa sawa sawa katika damu yake, hakuna uteuzi wowote ambao ungeleta badiliko, hata ukifanywa miaka elfu. Mahindi, kwa bahati njema, ni miongoni mwa mazao yenye tofauti nyingi mno. Kila uzi katika ndevu za hindi ni njia ya punje moja, na kila uzi hupokea chavua iliyoletwa na upepo kutoka ua la dume la mmea wowote ulio karibu. Kwa hiyo punje za hindi moja ni watoto wa mama mmoja na baba wengi. Msomaji atacheka, lakini ndivyo ilivyo.

Mwaka 1896, katika Chuo Kikuu cha Illinois, mkemia Cyril Hopkins alichukua masuke 163 ya mahindi meupe ya aina iliyoitwa Burr's White, akapima protini na mafuta ya kila moja. Wastani wa protini ulikuwa asilimia 10.9. Akayateua masuke yenye protini nyingi zaidi, akayapanda mahali pake; na yenye protini chache zaidi, akayapanda mahali pengine. Mwaka uliofuata alipima tena na kuteua tena. Yeye alifariki, wenzake wakairithi kazi, na warithi wao wakairithi kutoka kwao. Baada ya vizazi mia moja ukoo mmoja ulikuwa na protini karibu asilimia 30, na ukoo wa pili umeshuka hadi chini ya asilimia 5, hali wote wawili wametoka katika kapu lile lile la masuke 163.

Lipo jambo la kustaajabisha zaidi. Kilipofika kizazi cha 48, watafiti waligeuza amri: katika sehemu ya ukoo wa protini nyingi wakaanza kuteua wenye protini chache, na kinyume chake. Koo zile zikatii na kugeuka. Maana yake ni kwamba hata baada ya karibu nusu karne ya kuchujwa kuelekea upande mmoja, tofauti zilikuwa bado zimelala ndani ya damu, zikingoja kuamshwa. Tunaona kwamba hakuna hotuba iwezayo kueleza utajiri wa mahindi vizuri kuliko jaribio hili moja.

Lakini mlaji hakupata faida. Protini iliyoongezeka ilikuwa zaidi zeini, yaani ile ile isiyo na laisini, na mavuno ya ukoo huo yalikuwa duni. Uteuzi hukupa kile ulichokipima, si kile ulichokitamani. Afisa anayeteua kuruta kwa kimo atapata kikosi cha watu warefu. Kama shabaha yake ilikuwa uvumilivu, utepe wake wa kupimia haukumsaidia.

PUNJE YENYE GIZA

Sasa twaja penye kiini cha habari. Katika mashamba ya utafiti ya Marekani, kabla ya Vita Kuu ya Pili, zilikuwa zimepatikana punje za ajabu: zilipoinuliwa kwenye mwanga hazikupenyeza nuru kama punje za kawaida, bali zilikuwa na giza kama chaki. Zilipewa namba na kuwekwa kabatini, kama vitu vya kutazamwa tu. Mwaka 1963, katika Chuo Kikuu cha Purdue, mkemia Edwin Mertz, pamoja na Lynn Bates na mtaalamu wa urithi Oliver Nelson, walizipima asidi za amino za punje ya aina hiyo iliyoitwa opaque-2. Waliona kwamba zeini imepungua sana na nafasi yake imeshikwa na protini nyingine, hata laisini ikawa karibu mara mbili ya ile ya mahindi ya kawaida. Habari hizo zilitangazwa mwaka 1964. Panya waliolishwa mahindi hayo waliongezeka uzito zaidi ya mara tatu kuliko wenzao waliolishwa ya kawaida.

Badiliko lote hilo lilitokana na chembe moja tu ya urithi iliyoharibika. Chembe hiyo, ikiwa nzima, hutoa amri ya kutengeneza zeini. Ikiharibika, amri haitoki.

Dunia ilishangilia, na miradi ikaanzishwa katika nchi nyingi. Halafu wakulima wakayapanda. Punje zilikuwa laini kama unga, fukusi wakazipenda, kuvu ikaziozesha zikiwa bado shambani, zikachelewa kukauka, zikawa nyepesi, na mavuno yakapungua kiasi cha moja kwa kumi au zaidi. Mama aliyezoea kutwanga punje ngumu aliona mahindi yakisagika ovyo. Kufikia miaka ya 1970 wengi wa wafadhili na watafiti walikuwa wameondoka, na opaque-2 ikaonekana kama ahadi iliyovunjika.

Waliobaki ni wachache. Katika kituo cha kimataifa cha utafiti wa mahindi na ngano, CIMMYT, nchini Mexico, walikuwako Surinder Vasal, mtaalamu wa mbegu kutoka India, na Evangelina Villegas, mkemia wa Mexico. Waliona kwamba katika maelfu ya punje zenye giza zilikuwamo chache ambazo hazikuwa na giza kamili: sehemu moja ya punje ilikuwa ngumu na yenye kupenyeza nuru, na sehemu iliyobaki ni chaki. Hiyo ilikuwa dalili kwamba ziko chembe nyingine za urithi, nyingi na ndogo ndogo, zinazoweza kuifanya punje kuwa ngumu bila kuirudisha zeini yote. Chembe kubwa ilikuwa moja. Wasaidizi wake walikuwa wengi, wametawanyika, na kila mmoja ana nguvu kidogo.

Kazi yao ilikuwa hivi. Punje ziliwekwa juu ya meza yenye kioo na taa chini yake. Zile zenye sehemu ngumu zaidi ziliteuliwa kwa macho. Kisha zikapelekwa maabara kwa Villegas, kwa sababu punje ngumu yaweza kuwa imepata wasaidizi, na pia yaweza kuwa imeirudia hali ya kawaida na kuipoteza laisini. Jicho peke yake halikuweza kutofautisha. Maabara yake ilipima sampuli kwa maelfu kila mwaka, ikipima zaidi triptofani, ambayo kuipima ni rahisi na ambayo hupanda na kushuka pamoja na laisini. Zilizofaulu meza na maabara zilipandwa. Mavuno yake yakarudi mezani. Msimu baada ya msimu, kizazi baada ya kizazi, tangu mwanzo wa miaka ya 1970, wakati ambapo wengi waliwaona kama watu wanaofukuza kivuli. Mahindi yaliyotokea yalikuwa magumu, yenye mavuno mema, yasiyotofautika kwa macho na ya kawaida, na yenye laisini na triptofani karibu maradufu. Mwaka 2000 wawili hao walipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia, naye Villegas akawa mwanamke wa kwanza kuipokea.

MAMA MNYONYESHAJI, MAMA WA PACHA

Ghana, nchi ile ile iliyoipa dunia jina la kwashiorkor, ilikuwa ya kwanza Afrika kuyaeneza mahindi haya kwa wingi. Mwaka 1992 watafiti wa Kumasi walitoa aina waliyoiita Obatanpa, ambayo kwa Kitwi ni mama mwema anyonyeshaye. Kutoka huko mbegu ilisafiri. Msumbiji ina aina yake iitwayo Susuma. Tanzania ilizipa zake jina lisilohitaji tafsiri, Lishe. Uganda iliipokea Obatanpa, ikaijaribu katika mashamba ya utafiti ya Namulonge, na mwaka 2000 ikaitoa kwa jina la Longe 5, ambayo wakulima waijua zaidi kama Nalongo, yaani mama wa pacha kwa Kiganda. Majina ya mama yamefuatana tangu Kumasi hadi Namulonge, nasi tunaona yamepatikana vizuri.

Longe 5 si mbegu chotara. Mkulima aweza kuweka akiba ya mavuno yake na kuipanda tena bila mavuno kuanguka ghafla, na hiyo ndiyo sababu moja ya kupendwa kwake. Lakini hapa ndipo penye hatari tuliyoitaja mwanzoni, na tungependa kila mwenye bustani ya mahindi nyuma ya nyumba za kambi aielewe.

Chembe ya opaque-2 ni ya kujificha. Huonyesha kazi yake pale tu inapotoka kwa mama na kwa baba pia. Ikiwa jirani yako, mita thelathini kutoka kwako, amepanda mahindi ya kawaida yanayochanua siku zile zile, upepo utaileta chavua yake katika ndevu za mahindi yako. Punje itakayotungwa kwa chavua hiyo itapata chembe nzima kutoka kwa baba, amri ya zeini itatoka, na punje hiyo itakuwa ya kawaida papo hapo, katika msimu ule ule, ingawa mama yake ni Nalongo halisi. Ukiipanda mwaka ujao, nayo itakuwa baba wa nyingine. Baada ya misimu michache gunia litakuwa bado na jina la Nalongo, na lishe yake imekwenda. Wala hutaona kwa macho, kwa kuwa wataalamu walifanya kazi ya miaka mingi ili punje hizo zisitofautike!

Dawa yake si ngumu. Wazalishaji wa mbegu hutenga shamba lao mita mia mbili au zaidi kutoka mahindi mengine. Asiye na nafasi hiyo aweza kutenganisha kwa wakati, akapanda wiki tatu au nne kabla au baada ya jirani, ili maua yasikutane. Na anayeweka mbegu ya msimu ujao ateue masuke ya katikati ya shamba, si ya pembeni, kwa kuwa chavua ngeni hushukia zaidi mistari ya ukingoni. Baada ya misimu mitatu hivi ni busara kununua mbegu mpya iliyothibitishwa. Katika kambi njia nzuri kuliko zote ni majirani wote kukubaliana kupanda aina moja, na watu wa kambini wanalo jambo ambalo vijiji vingi havina: wanaishi pamoja na wana wakubwa wanaosikilizwa.

RANGI ISIYOPENDWA

Laisini si upungufu pekee wa mahindi. Mahindi meupe hayana karotini ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, ile inayolinda macho na kuupa mwili kinga. Mtoto asiyeipata huanza kutoona vizuri jioni, na mwisho aweza kupofuka. Mahindi ya njano yapo, lakini watu wa sehemu zetu hawayapendi. Wanahistoria wa kilimo hueleza kwamba katika miaka ya ukoloni soko la wanga huko Uingereza lilitaka mahindi meupe, nao walowezi wa Kenya na Rhodesia wakayakuza hayo, na ladha ya wananchi ikafuata. Kisha ya njano yakaja yakiwa ni mahindi ya njaa: Kenya mwaka 1984, na nchi za kusini katika ukame wa 1992. Chakula kilichokuja pamoja na dhiki hubaki na harufu ya dhiki.

Isitoshe, unjano si dhamana. Mahindi mengi ya njano yana rangi inayotokana na karotini za aina nyingine, zisizogeuka kuwa vitamini A. Hapa tena jicho hudanganya. Mwaka 2008 na 2010 watafiti walitangaza kwamba wamezitambua jeni mbili zinazotawala njia ambayo mmea hutengeneza karotini hizo. Moja yake, ikiwa katika umbo lake dhaifu, huacha karotini ifaayo ijilimbikize badala ya kugeuzwa kuwa kitu kingine. Maumbo bora yalikuwa adimu, na yalipatikana zaidi katika mahindi ya nchi za baridi. Ikabidi yahamishiwe katika mahindi ya kwetu kwa kuzalisha mimea pamoja, bila upandikizaji wa jeni wa maabara. Tofauti na siku za meza ya taa, mtaalamu sasa aweza kukata kipande cha jani la mche mchanga, akasoma jeni zake, na kuung'oa usiofaa kabla haujachanua. Zambia ilitoa aina tatu za kwanza mwaka 2012, na zikaitwa mahindi ya machungwa, si ya njano, ili zisichanganywe na yale ya msaada.

Nayo pia yana udhaifu wake. Karotini huharibika kwa hewa na nuru, na katika miezi michache ya ghalani nusu au zaidi yaweza kupotea. Kwa ghala la chakula cha akiba kinachokaa muda mrefu, hili ni jambo la kuhesabiwa. Kwa sehemu zetu, ambako viazi vitamu vya rangi ya machungwa vimekwisha kubaliwa, na ambako Mganda Robert Mwanga alikuwa mmoja wa waliopewa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 2016 kwa kazi hiyo, huenda vitamini A ikatufikia kwa kiazi kabla ya kutufikia kwa mahindi.

Kuhusu zinki, Guatemala ilitoa mahindi yenye zinki nyingi mwaka 2018. Kazi hiyo ni ngumu zaidi, kwa sababu zinki ya punje hutegemea pia zinki ya udongo, na mtaalamu ni lazima apande aina moja mahali pengi na kwa miaka kadhaa ili ajue kipi kimerithiwa na kipi kimetolewa na shamba.

KINU NA SUFURIA

Jambo moja husahauliwa katika mazungumzo ya mbegu, nalo ni kinu. Unga namba moja, ule mweupe sana unaopendwa, umekobolewa na kuondolewa kiini cha punje. Katika kiini ndimo yalimo mafuta, sehemu kubwa ya zinki na chuma, na protini iliyo bora kuliko ya sehemu nyeupe. Kwa hiyo zinki iliyotafutwa kwa miaka mingi yaweza kubaki katika pumba na kuliwa na nguruwe. Lakini badiliko la opaque-2 limo katika sehemu nyeupe yenyewe, na karotini ya machungwa pia. Hivi viwili hupita kinuni na kufika sufuriani.

Tusimdanganye msomaji. Askari mzima anayepata sahani ya posho pamoja na maharagwe ya kutosha hatageuka kuwa mtu mwingine kwa kula Nalongo. Maharagwe yana laisini nyingi, na vyakula hivyo viwili hujazana. Aliyeviweka katika sahani moja zamani alifanya jambo la maana hata kama hakujua kemia. Faida ni kwa siku ambazo maharagwe yamekwisha au yamekuwa mchuzi mtupu, na faida kubwa zaidi ni kwa mtoto aliyeachishwa ziwa ambaye tumbo lake dogo haliwezi kubeba maharagwe mengi na ambaye chakula chake ni uji asubuhi na uji jioni. Uchambuzi wa majaribio mbalimbali uliotolewa mwaka 2010 ulionyesha kwamba watoto wadogo wenye utapiamlo wa kiasi, katika jamii zinazotegemea mahindi, waliongezeka uzito kwa kasi iliyo kubwa kwa asilimia 12 na kimo kwa asilimia 9 walipolishwa mahindi haya badala ya ya kawaida.

Pamoja na hayo, mkulima anayepeleka Nalongo sokoni hulipwa bei ile ile ya mahindi mengine, kwa kuwa mnunuzi haoni tofauti. Kwa maoni yetu, mnunuzi mmoja mmoja sokoni hawezi kulibadili jambo hili. Wanaoweza ni wanaonunua kwa tani: maghala ya majeshi, magereza, shule na mashirika ya misaada, ambao wangeweza kuagiza aina wanayoitaka kwa jina na kuipima inapofika. Viwango vya mahindi vya Afrika Mashariki vinauliza unyevu usiozidi asilimia 13.5, punje zilizovunjika, zilizooza, zilizotobolewa na wadudu, takataka, na sumu ya kuvu. Laisini haimo katika orodha hiyo.